Motokaa Iliyokaa Bila Kutumiwa

Watu wengi hudhani ya kuwa kitu kisichotumiwa hakiharibiki. Mtu apatapo kanzu nzuri huiweka sandukuni asiivae ila siku ya sikukuu, na mkewe apatapo sahani za thamani huzipanga kabatini zingoje wageni. Kwa sahani neno hili ni kweli. Kwa kanzu ni kweli nusu, maana nondo nao wanayo njia yao ya kuingia sandukuni. Lakini viko vitu vinavyochakaa upesi zaidi kwa kukaa bure kuliko kwa kufanya kazi, na kimoja cha vitu hivyo ni betri ya motokaa.

Ukifunua boneti ya motokaa utaona kisanduku, mara nyingi cheusi, kilicho kizito kupita umbo lake. Juu yake pana vichwa viwili vya risasi, na kila kichwa kimefungwa waya mnene. Hiyo ndiyo betri. Uzito wake hutokana na risasi, kwa maana ndani yake mmepangwa vibao vyembamba vya madini hiyo, vingine vya rangi ya kijivu, vingine vya rangi ya hudhurungi, navyo vimezama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Kisanduku kimegawanywa vyumba sita. Kila chumba hutoa volti 2 na kidogo, na vyote sita pamoja, betri ikiwa nzima na imeshiba, hutoa volti 12.6 hivi.

Yafaa kufahamu ya kuwa umeme haukai ndani ya betri kama maji yakaavyo mtungini. Betri inapofanya kazi, sehemu ya tindikali huyaacha maji ikashikamana na vibao, ikafanya juu yake utando mweupe, na maji yaliyobaki huzidi kuwa mepesi. Katika kushikamana huko ndiko umeme utokako. Na betri inapolishwa umeme kutoka nje, mambo hurudi kinyumenyume: utando huyeyuka, tindikali hurudi majini, na maji huwa mazito tena. Ndiyo sababu mafundi huweza kuijua hali ya betri kwa kuyapima maji yake tu, kwa kipimo cha kioo chenye boya ndani. Boya likielea juu, betri imeshiba. Likizama, ina njaa.

Aliyeianzisha betri ya namna hii ni Mfaransa, Gaston Planté, mwaka 1859. Aliviringisha mabamba mawili ya risasi pamoja, akayatenga yasigusane, akayatia katika tindikali. Wakati huo motokaa zilikuwa bado kuzaliwa. Hata zilipokuja, kwa miaka mingi hazikuamshwa kwa betri bali kwa mkono: dereva alisimama mbele ya gari lake, akatia chuma kilichopindwa katika injini, akakizungusha kwa nguvu zake zote. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari, kwa kuwa pengine injini ilipiga kinyume, chuma kikarudi ghafula, na madereva wengi walivunjika mikono. Mwaka 1912 motokaa za Cadillac za Marekani zilianza kuuzwa zikiwa na stata ya umeme, iliyobuniwa na Charles Kettering pamoja na wenzake, na tangu hapo kazi ya kuamsha injini ikawa ya betri. Kile chuma kiliendelea kuchukuliwa nyuma ya viti kwa miaka mingi baadaye, kwa tahadhari. Motokaa za leo hazina hata tundu la kukitia.

Basi kazi hiyo si ndogo. Stata ya motokaa ndogo, kwa zile sekunde chache za kuamsha injini, hudai ampea 100 na zaidi. Injini ikiisha kuamka, chombo kiitwacho altaneta, kizungushwacho na mkanda wa injini, huirudishia betri kile ilichotoa. Kwa hiyo betri ya motokaa iendayo kila siku hukopa asubuhi na kulipa njiani. Shida huja motokaa inapokaa. Hata ikizimwa na kufungwa haijalala usingizi wa kweli: saa yake yaenda, king'ora cha wezi chakesha, na vile vyombo vya kompyuta vyangoja ufunguo. Ikiwa vyote pamoja vyanywa ampea 0.03 tu, mwanafunzi yeyote aweza kufanya hesabu. Kwa saa 24 vitakuwa vimekunywa ampea-saa 0.72, kwa siku 30, ampea-saa 21.6. Betri ya motokaa ndogo iliyo na ampea-saa 45 itakuwa imepoteza karibu nusu ya chakula chake, na motokaa haijakwenda hata hatua moja.

Tena betri yenyewe huvuja nguvu ndani kwa ndani, hata ikiwa haikufungwa waya wowote, na joto huzidisha kuvuja huko. Betri ikaayo Tanga au Mombasa hupungukiwa upesi kuliko mwenzake ikaayo milimani. Lakini ya milimani nayo ina adui wake, kwa sababu baridi ya usiku huidhoofisha wakati ule ule injini inapokuwa nzito kuamka. Na lililo baya kuliko yote ni hili: utando mweupe ukikaa juu ya vibao wiki nyingi bila kuyeyushwa, hugeuka kuwa chembe ngumu, na baadaye ukiilisha betri umeme, chembe hizo hazikubali kurudi majini. Hapo betri haina njaa tu. Imepoteza tumbo lake.

Katika milima ya Usambara, si mbali na mji wa Lushoto, alikuwako mwalimu mstaafu aliyekuwa na motokaa ndogo. Aliinunua kwa fedha za kiinua mgongo, akaipenda mno. Aliijengea banda la mabati, akaifunika turubai, akaipangusa kila Jumamosi, wala hakuitoa ila kwa arusi au kwa maziko. Majirani walimsifu kwa utunzaji wake. Mkewe peke yake ndiye aliyekuwa akimwuliza, "Mwalimu, kitu hiki umekinunua kikubebe wewe, au wewe ukibebe?" Naye alikuwa akicheka asijibu.

Masika ya mwaka mmoja mvua zilizidi, barabara zikawa utelezi, na motokaa ikakaa bandani wiki saba. Usiku mmoja mjukuu wao, mtoto wa miaka sita, akashikwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Kifua chake kikawa chapiga miluzi, na midomo ikaanza kubadilika rangi. Bibi akamfunika kanga, akamchukua mpaka bandani. Mwalimu akaondoa turubai, akaingia, akapindua ufunguo. Taa ndogo zikawaka kwa unyonge kama makaa yanayokufa; kisha ikasikika sauti, tik, tik, tik, basi. Akapindua tena. Mara ya tatu hata sauti ile haikuja.

Bibi akapaza sauti kumwita jirani, kijana aliyekuwa dereva wa lori la mboga. Kijana akaja mbio, shuka mabegani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Gari limenigomea, na mtoto hana pumzi."

Kijana akamulika kwa taa ya simu, akavitikisa vichwa vya betri kwa vidole. Vilikuwa vimekaza, wala havikuwa na kutu. Akasema, "Betri haina moto, Mwalimu. Nyaya zangu zimo katika lori, na lori liko mjini. Lakini gari hili ni la gia za mkono, na banda lako liko juu ya mteremko. Tulisukume. Washa swichi, tia gia ya pili, kanyaga klachi usiiachie mpaka nikuambie. Nawe kumbuka, injini ikiwa imezima usukani utakuwa mzito na breki zitakuwa ngumu. Ukitaka kusimama, kanyaga kwa nguvu zako zote."

Halikuwa neno la kupuuzwa. Mteremko ule uliishia penye kona, na chini ya kona palikuwa na korongo. Bibi akakataa kabisa mtoto apandishwe kabla injini haijaamka. Akasimama naye kando ya njia, akimsemesha polepole ili apate kupumua bila hofu. Kijana na ndugu wawili wa nyumba ya pili wakaanza kusukuma. Mwalimu, kwa haraka yake, akaiachia klachi kabla ya kuambiwa. Motokaa ikashtuka kama punda aliyepigwa, ikasimama. Kona ikawa imebaki hatua thelathini. Wakasukuma tena. "Bado," akasema kijana. "Bado, Mwalimu. Bado. Achia!" Injini ikakohoa mara mbili, ikanguruma. Mwalimu akakanyaga klachi tena na breki pamoja, asiizime, na Bibi akaja na mtoto kwa mbio ambazo wale vijana hawakujua kuwa anazo.

Hospitalini mtoto akavutishwa dawa kwa mashine, na kabla ya alfajiri alikuwa amelala usingizi mwema. Lakini Mwalimu alipofika katika ua wa hospitali alikuwa amezima injini, kwa mazoea ya mkono wake. Njia ilikuwa fupi, na safari fupi haiwezi kuishibisha betri iliyomalizika. Asubuhi alipopindua ufunguo, kukawa kimya, na pale uani pametambaa kama meza, hapana mteremko.

Kijana akaja na nyaya zake, lakini lori lake hakulileta karibu. Lori lile lilikuwa la volti 24 na motokaa ya Mwalimu ni ya volti 12. Kuziunganisha hizo mbili ni kuunguza vyombo. Wako madereva wasiojali jambo hilo, na mafundi hupata fedha nyingi kwa sababu yao. Akamwomba dereva wa teksi, mwenye gari la volti 12, alisogeze mpaka nyaya zifike, ila magari yasigusane, na injini zote mbili zizimwe.

Ule mpango wa kufunga nyaya una sababu zake, na kijana aliufuata kama mtu asomaye hesabu. Waya mwekundu aliufunga kwanza kwenye kichwa cha alama ya kujumlisha cha betri iliyokufa, kisha ncha yake ya pili kwenye kichwa cha alama kama hiyo cha betri nzima. Waya mweusi akaufunga kwenye kichwa cha alama ya kutoa cha betri nzima. Ncha ya mwisho hakuifunga kwenye betri iliyokufa. Aliifunga kwenye chuma kitupu cha injini ya Mwalimu, mbali na betri. Maana ncha ya mwisho ndiyo itoayo cheche, na betri hutoa hewa iitwayo haidrojeni, nayo hushika moto kwa mlipuko. Betri ikipasuka hurusha tindikali usoni mwa mtu. Ndiyo sababu mtu mwenye akili haikaribii betri na sigara wala kibatari, hata kama usiku ni wa giza na tochi hana. Tindikali ikiingia machoni, dawa ya kwanza ni maji mengi safi, yatiririshwe jichoni muda wa robo saa na zaidi, kisha hospitali.

Injini ya teksi ikawashwa, ikaachwa dakika chache. Mwalimu akapindua ufunguo. Motokaa yake ikaamka. Nyaya zikafunguliwa kwa kurudi nyuma, ule uliofungwa mwisho ukifunguliwa kwanza. "Usizime mpaka kwa fundi, Mwalimu," kijana akasema, na safari hii mkono wa Mwalimu ulitii.

Fundi aliiondoa betri, akianza na kichwa cha kutoa. Hili nalo lina maana. Mwili wote wa motokaa umeunganishwa na kichwa hicho. Mtu akianza na kichwa cha kujumlisha, na spana yake ikagusa chuma cha motokaa, itatokea cheche kubwa ya kumwunguza. Wakati wa kuirudisha, kichwa cha kutoa hufungwa mwisho. Kisha akailisha umeme polepole. Betri ya ampea-saa 45 hupewa ampea 4 au 5 kwa saa kumi hivi, au zaidi ikiwa imekauka kabisa. Kuilisha kwa pupa huichemsha. Maji yakipungua vyumbani huongezwa maji ya betri yaliyosafishwa kwa mvuke, wala si ya kisima wala ya bomba, kwa sababu chumvi zilizomo huharibu vibao. Na zile betri zilizozibwa zisizo na vifuniko vya kufungulia, hizo haziongezwi kitu. Vichwa vikiota unga mweupe au wa kijani, huoshwa kwa maji ya moto yenye magadi, yale yale ya kupikia maharagwe, maana magadi huiua tindikali. Lakini hata tone moja la magadi lisiingie ndani.

Siku ya pili fundi akaipima. Betri ilikuwa na volti 12.6, kana kwamba haikupatwa na lolote. Akaiacha siku mbili nyingine bila kuifunga, akaipima tena: 12.1. Volti 12.2 ndiyo nusu. Utando ulikuwa umekwisha kuwa mgumu, na betri ile, ambayo haikuwa imefanya kazi hata robo ya kazi ya betri ya teksi, ilikuwa imezeeka kuliko hiyo.

Mwalimu akanunua nyingine. Tangu hapo kila Jumatano mkewe huenda sokoni kwa motokaa, na Mwalimu hulalamika juu ya matope katika mazulia. Safari ya nusu saa au zaidi kila wiki hutosha. Wako watu ambao, badala ya kusafiri, huamsha injini bandani dakika tano kisha huizima. Hiyo ni kazi bure. Dakika hizo chache hazitoshi kuishibisha betri. Tena banda likiwa limefungwa, moshi wa injini una sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Mtu anayejua atakuwa mbali miezi mingi ni afadhali afungue kichwa cha kutoa, akubali tu saa na redio kusahau mambo yao, baada ya kusoma kitabu cha motokaa yake, maana nyingine za siku hizi zina masharti. Mwaka 2020, watu wa nchi nyingi walipokaa nyumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona, motokaa nyingi zilikutwa zimekufa betri mlangoni pa wenyewe, zikiwa safi na matairi mapya.

Yabaki neno moja juu ya betri ile kuukuu. Bibi alitaka iwekwe nyuma ya nyumba ishikilie mlango wa banda la kuku. Fundi akakataa, akaichukua dukani, na mwenye duka akapunguza bei ya betri mpya, maana risasi huyeyushwa ikatumiwa tena. Lakini risasi ni sumu, na watoto huumizwa nayo kuliko watu wazima, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu mwaka 2007 mpaka mwaka 2014. Phyllis Omido, mama mmoja aliyeajiriwa kiwandani humo, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na madaktari walipompima damu wakakuta risasi. Akawakusanya watu wa kijiji wakaenda mahakamani. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikakatiwa rufani, hukumu ikatenguliwa, hata mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Banda la kuku la Mwalimu linashikiliwa na jiwe.